Barua kwa mwanangu kuhusu mnara wa Barton

Unguja

Mwanangu mpendwa Zuwena,

Ama baada ya salamu, barua yako imenifikia. Nimeisoma peke yangu, kisha nikamsomea mama yako, naye anakusalimu na kukuombea dua. Tumefurahi kusikia kwamba masomo yanakwenda vizuri. Jambo moja tu ndilo lililonikaa moyoni. Umeandika kwamba mwalimu wako amekupa kazi ya kuandika historia ya jengo la Kanisa la Mtakatifu Petro lililoko katika mji wa Barton-upon-Humber huko Uingereza, kwamba umepekua makaratasi usipate jina la aliyelijenga wala mwaka lilipowekwa jiwe la kwanza, na kwamba unafikiria kumwomba akubadilishie kanisa. Nakusihi usifanye hivyo. Jengo lile halikuandikiwa hati, lakini limejiandika lenyewe, na mtu aliyelelewa katika nyumba ya mwashi kama wewe hana sababu ya kushindwa kulisoma.

Utakumbuka siku uliyonipeleka huko. Tulivuka Mto Humber kutoka upande wa Hull kwa lile daraja la kuning'inia lililofunguliwa mwaka 1981, ukanieleza kwamba kati ya mnara wake mmoja na mwingine kuna mita 1,410, na kwamba kwa miaka mingi hapakuwa na daraja duniani lililoruka nafasi ndefu kama ile bila nguzo ya katikati. Nililistaajabia, ni kweli. Lakini tulipofika ng'ambo nikasimama upande wa kusini wa mnara wa kanisa, nilisimama hata ukanivuta mkono kwa kuhofia baridi. Sikukueleza wakati ule nilichokuwa nakitazama, kwa hiyo nakueleza sasa.

Anza na mnara, na usiutazame kama kitu kimoja. Una sehemu tatu zilizopandana. Sehemu mbili za chini zimepambwa kwa mikanda myembamba ya mawe iliyojitokeza kidogo nje ya uso wa ukuta: kwanza safu ya matao ya duara, na juu yake safu ya pembetatu zilizochongoka kama mapaa ya vibanda. Kati ya mikanda hiyo ukuta ni wa mawe ya ovyoovyo yasiyochongwa, yaliyoshikwa na chokaa. Sehemu ya tatu, ile ya kengele, haina mikanda kabisa. Ina madirisha mapacha yenye kijinguzo katikati, na mkono ulioijenga si ule ule uliojenga chini.

Hapo ndipo alipoanzia Thomas Rickman. Huyu hakuzaliwa katika ujenzi. Alipitia kazi nyingine kadhaa kabla ya kuwa msanifu majengo, na mapenzi yake yalikuwa kuzunguka makanisani akichora na kulinganisha. Mwaka 1817 alichapisha kitabu cha kuzipambanua namna za ujenzi wa Uingereza, na majina aliyozipa namna hizo ndiyo mwalimu wako anayoyatumia hadi leo darasani. Zama zake, watu wengi walidhani kwamba kila tao la duara katika kanisa la Kiingereza lilijengwa na Wanormani waliovamia nchi mwaka 1066, na hapakuwa na njia iliyokubalika ya kutambua ujenzi wa Waanglo-Saksoni waliokuwapo kabla yao. Mnamo 1819 Rickman aliitumia Barton kutoa hoja ambayo mwashi yeyote angeikubali papo hapo. Kilichoko juu hakiwezi kuwa cha kale kuliko kilichokibeba. Sehemu ya juu ya mnara inafanana na kazi za mwanzo kabisa za Wanormani. Sehemu za chini ni za namna nyingine kabisa, nazo zimeibeba ile ya juu. Basi za chini ni za kabla ya Wanormani. Leo wataalamu wanaziweka mwishoni mwa karne ya 10 au mwanzoni mwa karne ya 11, na ile ya juu baadaye katika karne ya 11. Angalia, mwanangu, kwamba hakuwa na karatasi hata moja mkononi. Alikuwa na ukuta na akili yake.

Sasa nenda kwenye pembe za mnara. Utaona jiwe refu limesimamishwa, juu yake jiwe bapa limelazwa, kisha refu tena, kisha bapa, hivyo hivyo kwa zamu hadi juu. Lile bapa limeingia ndani ya ukuta ili kuifunga pembe isipasuke. Hiyo ni saini ya mafundi wa Kisaksoni. Ile mikanda nayo imebishaniwa sana. Wako wanaosema fundi aliiga majengo ya mbao, maana watu wale walizoea kujenga kwa mbao hata neno lao la kale la kujenga lilitokana na neno la mbao. Mimi siamini kwamba hiyo ndiyo sababu yote. Fundi aliyelipwa kuchonga mawe marefu na kuyapachika kwa mpango katika ukuta wa mawe ya ovyo alikusudia kazi yake ionekane kwa mbali. Barton ulikuwa mji wa mtoni. Orodha kuu ya ardhi iliyoandikwa kwa amri ya Mfalme William mwaka 1086 inautaja kuwa na soko na kivuko. Ukuta ule ulipokuwa umepigwa lipu ya chokaa, mikanda ile ingeonekana kama mistari iliyochorwa juu ya karatasi nyeupe.

Jambo linalowachanganya wageni wengi, na lililonichanganya hata mimi tulipoingia, ni kwamba mnara ule haukuwa mnara wa kanisa. Ulikuwa ndio kanisa lenyewe. Chumba cha chini cha mnara ndicho walichosimama waumini. Upande wa magharibi palikuwa na chumba kidogo, ambacho bado kipo, na kinachodhaniwa kuwa mahali pa ubatizo. Upande wa mashariki palikuwa na chumba kingine kidogo cha madhabahu. Vyumba vitatu kwa mstari, cha katikati kikiwa kirefu kwenda juu kuliko vyote. Ukisimama ndani na kutazama juu ya tao la mashariki, utaona bamba la jiwe lenye uso wa mtu uliochongwa, na uso ule ulielekezwa kwa waliosimama hapo chini, katika chumba ambacho leo watu hukipita tu bila kusimama.

Mji ulipokua, chumba kile hakikutosha. Waliokuja baadaye hawakuubomoa mnara. Walibomoa chumba cha madhabahu cha mashariki, na mahali pake wakaanza ukumbi mkubwa wa waumini, na mbele zaidi mashariki wakajenga chumba kipya cha madhabahu. Kanisa likawa limetembea, kama mtu anayesogea mbele na kuacha kiti chake cha kwanza nyuma ya mlango. Ndiyo maana ukiingia leo unaona mnara mwishoni mwa jengo upande wa magharibi, ukadhani uliongezwa, kumbe ndio wa kale kuliko ukumbi wote ulioko mbele yake.

Ukumbi wenyewe nitaupita haraka, si kwa kuwa ni mbaya, bali kwa kuwa utauelewa bila msaada wangu. Matao yaliyochongoka yanayougawa na njia zake za pembeni ni kazi ya karne ya 13 na ya 14. Safu ya madirisha iliyo juu ya matao hayo ni ya karne ya 15, wakati ambapo makanisa mengi ya Uingereza yaliinuliwa kuta na kufunikwa mapaa yasiyo na mwinuko mkali, yaliyoezekwa kwa mabamba ya madini ya risasi, ili mwanga uingie kutoka juu. Katika makanisa mengi ya aina hiyo utaona kwenye uso wa mnara mstari mshazari wa paa la zamani ulioachwa ukining'inia bila paa. Kila uuonapo, uchore.

Lakini kuna jambo moja kuhusu makanisa ya parokia ya zama hizo ambalo halionekani kwa macho, nalo litakuokoa na makosa mengi. Kwa desturi iliyokuja kuwa sheria, matengenezo ya chumba cha madhabahu yalikuwa juu ya yule aliyepokea fungu la kumi la parokia, awe kasisi au monasteri. Matengenezo ya ukumbi yalikuwa juu ya wanaparokia wenyewe. Jengo moja, mifuko miwili. Kwa hiyo unapokuta kanisa lenye ukumbi wa fahari na chumba cha madhabahu kilichopooza, au kinyume chake, usikimbilie kuandika kwamba mafundi walibadili mtindo. Jiulize kwanza ni mfuko upi uliokuwa na fedha katika miaka hiyo. Baba yako amejenga nyumba za ndugu wawili waliorithi kiwanja kimoja, na anajua jinsi ukuta wa katikati unavyoeleza nani alikuwa na nini.

Halafu kuna yaliyo chini ya sakafu. Barton ina makanisa mawili ya kale yaliyokaribiana sana, la Mtakatifu Petro na la Mtakatifu Maria, na mji haukuweza kuyabeba yote mawili. Katika miaka ya 1970 la Petro lilifungwa na kuwekwa chini ya ulinzi wa serikali. Kufungwa kwake kulifungua mlango ambao katika kanisa linalotumika haufunguki. Kuanzia mwaka 1978 hadi 1984 wachimbuzi wakiongozwa na Warwick Rodwell walichimba ndani ya kanisa na sehemu ya uwanja wake, na wakati huo huo kuta zikachunguzwa jiwe kwa jiwe. Walikuta misingi ya kile chumba cha madhabahu kilichobomolewa. Walikuta pia mabaki ya watu wapatao 2,800, waliozikwa hapo kuanzia zama za Wasaksoni hadi karne ya 19, na baadhi ya majeneza ya kale kabisa yalikuwa bado na mbao zake kwa sababu udongo uliolowa maji haukuruhusu zioze. Kanuni iliyowaongoza ni ile ile ya Rickman iliyogeuzwa kuelekea chini: kaburi lililokatwa na msingi ni la kabla ya msingi, na kaburi lililoukata msingi ni la baada yake.

Mifupa ile ilichunguzwa kwa miaka mingi, kisha mwaka 2007 ikarudishwa kanisani, katika chumba kilichokuwa cha kinanda. Ulinionyesha mlango wake ukapunguza sauti. Nilipenda ulivyofanya hivyo. Wale ndio waliolipa, waliobeba mawe, waliokoroga chokaa, na historia utakayoandika ni yao.

Nimetaja chokaa, na hapa lazima nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Nilipokuwa kijana, kabla hujazaliwa, nilipewa kazi ya kutengeneza ukuta wa nyumba ya kale hapa Mji Mkongwe, ukuta wa matumbawe na chokaa. Lipu yake ilikuwa imechoka. Niliikwangua yote nikapiga lipu ya saruji, nzito na laini, na mwenye nyumba akanisifu. Baada ya masika machache ukuta ulianza kutoa chumvi, saruji ikabanduka vipande vikubwa, na ilipobanduka iliondoka na uso wa matumbawe. Chokaa huuacha ukuta unywe maji na kuyatoa. Saruji huyafungia ndani. Niliharibu kwa mikono yangu kazi iliyodumu kuliko umri wa babu yangu, na pamoja na ile lipu nilitupa alama zote za mlango wa kale uliokuwa umezibwa, ambao sikujua upo mpaka nilipokwisha kuuvunjavunja.

Huko Uingereza walifanya kosa la jamaa moja na hilo katika karne ya 19. Makanisa mengi yalikwanguliwa lipu ili mawe yaonekane, na nyongeza za zama moja zikabomolewa ili jengo lirudishwe kuwa la zama nyingine iliyopendwa zaidi. Mwaka 1877 msanii na mwandishi William Morris na wenzake waliunda chama cha kuyalinda majengo ya kale dhidi ya matengenezo ya namna hiyo. Hoja yao ilikuwa kwamba jengo litunzwe na lizuiwe kuanguka, lakini lisilazimishwe kusema kwamba ni la siku moja. Unapoandika kuhusu Barton, ziheshimu zama zote. Usimsifu Msaksoni kwa kumdharau aliyejenga madirisha ya karne ya 15.

Basi rudi Barton kabla hujaandika neno. Nenda alasiri, jua likiwa chini, ili mwanga upige ukuta kwa ubavu na kila mkanda utoe kivuli chake. Chukua timazi, utepe wa kupimia na kamba. Tafuta mstari wima ambapo mawe ya upande huu hayakufungana na ya upande ule, maana hapo fundi mmoja aliacha na mwingine akaanza. Gusa ukuta kwa kiganja, lakini usikwangue kitu. Na kabla ya kuondoka nichoree ile pembe ya mnara kwa penseli, jiwe refu na jiwe bapa, kila moja na kipimo chake, kuanzia chini hadi pale macho yako yanapofika. Usinitumie picha ya simu. Nataka kuona mahali mkono wako uliposita.

Mama yako anasema uvae soksi mbili.

Ni mimi baba yako akupendaye.