Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka: marubani, visahani vya angani na daftari letu

Assalaam alaykum wanachama wa baraza letu la kutizama mambo ya angani, wa Unguja na Pemba, na nyie mlioko Dar na Muscat ambao ada zenu zinakuja kwa kuvutwa kamba lakini zinakuja. Taarifa imechelewa najua, ilikuwa isomwe kwenye mkutano wa Chake Chake, Pemba, lakini kusi mwaka huu mlilionaje wenyewe, boti hazikwenda siku mbili nusu ya kamati ikabaki bandarini Malindi, Unguja, na mabegi yao, basi naiandika hapa msome, mwenye suala aulize.

Pesa nazipitia mbio mbio, mweka hazina atatoa yake. Tumenunua darubini moja ya mkono, tumelipia chai ya vikao, kilobaki kipo. Wanachama wapya wameingia, na mmoja wetu katangulia mbele ya haki, yule tukimwita Mzee wa Mnara kwa vile zamani alikuwa akiongoza ndege kutoka mnarani, Mungu amrehemu. Kazi kubwa ya mwaka huu katuachia yeye. Kikao cha mwisho alichokuja alituchoka akasema nyie kila siku mnabishana hapa, huyu majini, huyu visahani vya angani (vyombo vya viumbe wa nje ya dunia), huyu ndege za jeshi la Marekani, hebu someni marubani walisema nini na serikali zao zilipochunguza zikakuta nini, halafu ndo mubishane. Basi ndo tuliyoyafanya, kila Ijumaa baada ya isha, kahawa na kashata.

Tulianzia karibu na nyumbani. Februari 1951 ndege ya East African Airways, zile Lodestar, imetoka Nairobi asubuhi inakwenda Mombasa, kapteni wake Jack Bicknell na abiria wakaona kitu kirefu kama sigara kimetulia tu juu ya Kilimanjaro. Wengi wetu tulikuwa hatuijui hadithi hii, mie pia, tunajua ya rubani Kenneth Arnold wa 1947 kule Marekani iliyoleta hilo jina la visahani, ya hapa kwetu hatuijui.

Sasa Wamarekani walichunguza kwa miaka. Jeshi lao la anga lilikuwa na mradi wakiuita Blue Book, ulianza 1952 ukafungwa 1969, ripoti 12,618 na katika hizo 701 ndo zilobaki hazijatambulika. Wengine kwenye baraza wakasema si hizo 701, ushahidi huo! Tulieni kidogo. Kabla yake, Januari 1948, alikuwepo kapteni Thomas Mantell wa Kentucky, kaambiwa kuna kitu kinang'aa juu akakifata, ndege yake haina oksijeni ya kwenda juu kiasi kile, akazimia, ikaanguka, akafa. Baadae sana ikaonekana kitu kile yumkini ni puto kubwa la utafiti la jeshi la majini, mradi wa siri, hata wale waliokuwa wanachunguza mwanzoni hawakujua kama yapo. Mtu kafa anafukuza puto la serikali yake mwenyewe. Usiku ule tuliondoka mapema.

Iliyotugonga zaidi ni ya New Zealand. Disemba 1978, ndege ya mizigo usiku karibu na mji wa Kaikoura, marubani wanaona mataa ya ajabu, rada ya Wellington nayo inaona vitu, na safari moja walikuwemo watu wa televisheni na kamera wakapiga filamu. Kikosi chao cha anga kikachunguza kikasema ni mambo ya kawaida ila siku hiyo yamekuja kwa sura isiyo ya kawaida: taa za vyombo vya wavuvi wa ngisi zikipiga kwenye mawingu, magari, treni, na nyota ya Zuhura. Wapo mpaka leo hawakubali. Lakini aliposoma pale penye wavuvi wa ngisi, mwenzetu wa Mkokotoni alicheka mpaka kahawa ikammwagikia, maana hilo sisi tunaliona kila giza la mwezi, wavuvi wa dagaa wakitoka na mataa yao (zamani karabai sa hivi LED na jenereta) ukiwa Nungwi joto limekaza bahari imelala, unaona taa zimeinuka juu ya maji zinaning'inia, hata mie nlozaliwa pwani nshawahi kuuliza kile nini.

Ya Japan Airlines ya Novemba 1986 tuliisoma siku mbili. Jumbo la mizigo limetoka Paris na mvinyo, linapita Alaska, kapteni Terauchi anasema kuna kitu kikubwa mno kinamfata. Mtu huyo alikuwa rubani wa jeshi kabla, ana masaa zaidi ya 10,000 hewani, na mvinyo ulikuwa kwenye shehena sio mkononi mwake, nalisema hili kwa wale walioanza utani. Mamlaka ya anga ya Marekani ikakusanya kanda za redio, karatasi za rada, ikawahoji wote. Ndege nyengine mbili ziliambiwa zitizame hazikuona kitu. Alama ya pili iliyotokea kwenye rada karibu na ndege yake wakasema ni kivuli cha ndege yenyewe, rada imeigawa mara mbili. Hawakumwita muongo, walisema hatuwezi kuthibitisha alichokiona. Mie naona hilo jibu la kiungwana, Maalim wetu wa fizikia anaona wamekwepa. Tumeliacha hivyo.

Na hizi za karibuni, Juni 2021 idara ya ujasusi ya Marekani imetoa ripoti ya kurasa 9: ripoti 144, nyingi za marubani wa jeshi la majini, na walioweza kuieleza kwa uhakika ni MOJA tu, puto kubwa linalopungua upepo. Zilobaki hawakusema ni wageni kutoka nyota nyengine, walisema taarifa hazitoshi, na wakaandika wazi kwamba marubani wanaona haya kusema, wanaogopa kuchekwa. Wakati huo huo mara 11 rubani kasema alikaribia kugongana na kitu, sasa hiyo si mchezo, uwe unaamini viumbe uwe huamini, kitu kwenye njia ya ndege ni kitu kwenye njia ya ndege. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, nao 2022 waliunda jopo la watu 16, wakachukua ile vidio maarufu ya kitu kinachopita mbio juu ya bahari, wakapiga hesabu wakapata kinakwenda kama kilomita 64 kwa saa, yaani kasi ya upepo, mbio unazoziona ni za ndege iliyobeba kamera. Mmoja wa jopo, Scott Kelly aliyekaa anga za juu karibu mwaka mzima, alihadithia siku moja mwenzie kwenye ndege ya kivita kashikilia wamepita kitu cha ajabu, wakageuza wakakitizame, kumbe pulizo la watoto lenye sura ya katuni!

Ila mie nlichokichukua mwaka mzima ni cha Wafaransa. Wao wana ofisi ndani ya shirika lao la anga za juu tokea 1977, na wanagawa ripoti kwa herufi: A tumeshajua ni nini, B karibu tunajua, C hatujui kwa sababu taarifa haitoshi, D taarifa ipo nzuri tumechunguza na bado hatujui. Watu wote wanaichanganya C na D. Hapa nawapa kisa chetu wenyewe.

Mwenzetu mmoja rubani wa ndege ndogo (jina na kampuni havitajwi, tulimuahidi) alikuwa anarudi Unguja usiku kutoka Dar, akaona taa sita au saba zimejipanga kama shanga zinapanda kutoka upande wa Tumbatu, hazimeti, hazina nyekundu wala kijani. Kamgeukia mwenzie wa kiti cha kulia, "umeona?" Mwenzie kasema "sijaona kitu" na macho kayakodoa pale pale. Wakashuka, wakajaza makaratasi yao kama kawaida, wakenda Forodhani kula urojo wasizungumze. Katuhadithia baada ya miezi mitatu. Tarehe? Hajui. Baada ya Idd, anadhani. Saa? Usiku. Tukafungua logibuku yake (daftari la safari zake) naye, baada ya Idd karuka usiku mara 11.

Mwezi huo huo mvuvi wa Mkokotoni kaona taa za mstari akazipiga picha kwa simu, simu imeandika tarehe na saa 11:20 alfajiri. Maalim kaitia kwenye programu ya setilaiti, dakika kumi jibu limetoka, ni zile Starlink, setilaiti za intaneti, zimerushwa siku chache nyuma bado zinafatana mkumbizi, jua linazipiga huko juu sisi huku chini bado kiza. Herufi A. Rubani wetu na masaa yake yote hewani kapata C, na yumkini aliona kitu kile kile lakini hatuwezi kumuandikia A kwa kuhisi hisi.

Mwezi ukiandama mtu akija kusema nimeuona anaulizwa ulisimama wapi, ulikuwa upande gani, pembe zimetizama wapi, uliuona muda gani, hakuna anayeanza kwa kumcheka. Kwa hiyo tumetengeneza fomu ya ukurasa mmoja kwa mtindo huo: tarehe, saa, ulipokuwa, upande ukilinganisha na kibla, urefu kutoka upeo wa bahari kwa ngumi (mkono umenyooshwa, ngumi moja kama digrii 10), mwendo, rangi, nani mwengine aliona. Jina si lazima, na jina likitajwa nje ya kamati anayelitaja tunamtoa.

Fomu zipo dukani kwa katibu Mchangani na za Pemba zitakuja na boti ya kwanza. Mkutano Chake baada ya kusi kupoa, tutawajuilisha. Darubini aliyeiazima siku ya mandari Makunduchi airudishe, anajijua. Na yule wa kiti cha kulia keshahamia kampuni nyengine, tumemtumia fomu, kajibu hakuona kitu ila kauliza fomu ikijazwa anapelekewa nani.