Mama hajui ni nani anayemnunulia dawa

Ndugu Mshauri,

Mimi ni fundi wa kushona katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, na ni mama wa watoto 3. Nakuandikia kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 26, na kwa ajili ya siri ambayo nimeitunza kwa miaka 4 na ambayo sasa imenielemea.

Mdogo wangu ni msanii. Ijumaa na Jumamosi usiku, na mara nyingine kwenye sherehe za harusi, hupanda jukwaani akiwa amevaa kike: gauni, wigi, viatu vya kisigino kirefu na rangi usoni. Humwigiza mama mmoja wa mjini mwenye maringo, anayeimba, anayecheza na kuwasema wanaume wanaoacha mshahara wote kwenye nganda, yaani baa, huku watoto wakilala bila kula bukari, ugali wetu. Watu humcheka hadi wakashika mbavu. Ng'ambo sanaa hii huitwa dragi, na ina kumbi zake na wapenzi wake. Hapa kwetu haina jina isipokuwa matusi. Jambo hili hunishangaza, kwa maana mji wetu ni mji wa maigizo. Tumekua tukilisikiliza kundi la Mufwankolo likituchekesha na kutukosoa kwa Kiswahili chetu, redioni na kwenye televisheni, na sikusikia mzee yeyote akisema kwamba kuvaa sura ya mtu mwingine ni laana.

Mimi ndiye ninayemshonea, kwa hiyo nimeyaona yale ambayo wanaocheka hawayaoni. Hufika kwangu jioni, tunafunga mlango, naye anakaa kwenye kigoda mbele ya kioo changu cha wateja. Nyusi huzilaza kwa gundi ya wanafunzi, akaipaka tabaka juu ya tabaka na kusubiri kila moja ikauke, kisha akazifunika kwa poda mpaka paji la uso linakuwa tupu kama la mtoto mchanga. Ndevu alizonyoa huacha kivuli, basi hukipaka rangi nyekundu ya midomo kwanza, ndipo apake rangi ya ngozi juu yake. Makalio tumeyachonga pamoja kutoka kwenye godoro kuukuu. Kazi hiyo hutuchukua karibu saa 3, na wakati mwingine umeme hukatika katikati, nikabaki nimemshikia mshumaa. Viatu vya kike vya kipimo chake havipatikani kirahisi. Alivyonavyo vinambana, na kila Jumapili asubuhi namkuta ameloweka miguu kwenye beseni, vidole vimechubuka.

Maumivu ya miguu, hata hivyo, ni madogo. Hawezi kupanda kombi akiwa amevaa hivyo, kwa hiyo nguo huzibeba ndani ya gunia la makala, yaani makaa, na kubadilisha katika stoo, katikati ya kreti za bia. Onyesho likiisha, rangi huifuta kwa mafuta ya kupikia gizani, kwa haraka, kwa sababu walewale waliomtuza noti kwenye paji la uso ndio wanaomsubiri nje na mawe. Mwaka jana jiwe moja lilimpasua juu ya sikio, akamwambia mama kwamba aliteleza bafuni. Mara 2 watu wenye sare wamemsimamisha njiani, wakamwambia amevunja maadili, na akawaachia malipo yote ya usiku huo ili wamwache aende. Wapo wanaoniuliza kama anapenda wanaume. Sijamuuliza, na sioni kwa nini jibu lake, lolote liwalo, liamue kama anastahili kupigwa.

Usiku mmoja, nikiwa namfuta damu, alinisimulia habari za William Dorsey Swann, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Maryland, Marekani, ambaye katika miaka ya 1880 aliandaa karamu za dansi mjini Washington, wanaume wakija wamevaa magauni ya hariri na satini. Polisi walivamia karamu yake mwezi wa Aprili 1888. Mwaka 1896 alifungwa kwa shitaka la kuendesha danguro, akamwomba msamaha Rais Grover Cleveland, ombi likakataliwa. Mdogo wangu hakunisimulia hayo kwa kujivuna. Aliniuliza tu: "Yaya, dada yangu, alipotoka gerezani, unadhani nani alimpokea nyumbani?" Sikuwa na jibu.

Sasa nifike kwenye shida yenyewe. Mama yetu ni mjane, ana presha, na hawezi kukaa hata wiki moja bila dawa. Pesa za dawa hizo, pamoja na kodi ya nyumba yake, hutoka kwa mdogo wangu. Yeye hunipa mimi, nami humpelekea mama kana kwamba zimetoka kwenye cherehani yangu, kwa sababu aliniapisha nisiseme. Kwa miaka 4 mama amenibariki mbele ya kwaya yao ya akina mama, akimwombea kijana wake "mvivu" apate kazi siku moja. Naye kijana huwa ameketi palepale, ameinamisha kichwa, akiitikia amina.

Wiki 3 zilizopita mwanakwaya mmoja alimwonyesha mama video kwenye simu. Mama alicheka mpaka akatoa machozi, maana hakuitambua sura. Kisha akanyamaza. Gauni lile nililishona kwa kitenge chenye ndege wa kijani, na masalio yake nilimshonea mama kitambaa cha kichwa, ambacho siku hiyo alikuwa amekifunga. Alikigusa kwa vidole, akaniangalia, hakusema neno. Tangu hapo hajakivaa tena, na amemwita baba mdogo kutoka Likasi aje kuketi nasi Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu.

Mdogo wangu amenisihi niendelee kunyamaza. Anasema kabla ya kikao ataondoka kwenda Kolwezi kuchimba mawe ya madini, ili mama asiaibike. Mashimo yale yamewafukia vijana wengi, na yeye hajawahi kushika sururu.

Nakuomba unishauri. Je, ninayo haki ya kuvunja kiapo na kumweleza mama, peke yetu, kabla baba mdogo hajafika, ni jasho la nani limemweka hai miaka hii yote? Naogopa nikisema atazikataa dawa, na nikinyamaza nitampoteza ndugu yangu. Kama nikimweleza, je, mdogo wangu awepo, au nianze bila yeye? Na baba mdogo, ambaye ni mtu wa kusikiliza lakini ana hasira za haraka, nimwendee Likasi mapema?

Chini ya meza yangu kuna gauni la harusi moja ya mwezi ujao, ambalo bado halina pindo. Nimemuuliza mara 2 kama nilimalize au nilifumue, na hajanijibu.

Wako katika masikitiko,
Dada mkubwa, Katuba, Lubumbashi