Barua kwa mwanangu: mfupa wa korongoni

Mwanangu Neema,

Picha ya mfupa uliyonitumia nimeiangalia mara nyingi. Bibi yako anasema utupe, unaleta nzi. Usiutupe, mama. Ngoja kwanza nikusimulie.

Jumapili nilikwenda kwenye jumba la makumbusho hapa Denver, Marekani. Kuna mbavu za baisani, yule mnyama mwenye nundu tunayemwita nyati wa Marekani, bado zimeshikwa na udongo wake. Katikati yake imelala ncha ya mkuki, ya jiwe, haizidi kidole changu, imechongwa mfereji katikati ya bapa lake. Nilisimama pale mpaka miguu ikauma.

Aliyeiona mifupa hiyo kwanza ni George McJunkin, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa huko Texas, baadaye akawa msimamizi wa ranchi karibu na Folsom, New Mexico. Kusoma alifundishwa na wachunga ng'ombe wenzake. Agosti 1908 mafuriko yaliua watu Folsom na kuchimbua makorongo. Alipokuwa akikagua uzio, akaona mifupa imechomoza chini kabisa ukingoni, karibu mita 3 kutoka juu. Mtu aliyeishi na ng'ombe maisha yake yote hadanganyiki kwa mfupa: huu haukuwa wa ng'ombe, na hata baisani aliowajua hawakuwa wakubwa hivyo. Na kina kile! Aliwaambia watu miaka na miaka. Alifariki 1922, hakuna aliyekuwa ameshika jembe.

Watu wa jumba hili la makumbusho la Denver walianza kuchimba 1926. Mwaka uliofuata wakaikuta ncha ile mbavuni, haijasogezwa. Baisani mwenyewe ni wa aina iliyotoweka, Bison antiquus, mkubwa kuliko wa leo. Wasomi wengi walikuwa wakishikilia kwamba binadamu ana miaka 3,000 au 4,000 tu Marekani. Pale wakakubali kuwa walikuwepo watu zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, wakiwinda.

Kinachoniuma ni kwamba jina la McJunkin lilikaa miaka mingi bila kutajwa, na macho yalikuwa yake.

Sasa nijibu, mama. Mfupa wako uliuokota juu ya mchanga, au ulikuwa ndani ya ukingo wa korongo? Kama ni ndani, chukua kamba, upime tokea juu, na pale ulipoutoa chomeka kijiti.

Baba yako