Kopo linakana, muuzaji anaapa

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa mtu wa maabara karibu maisha yangu yote ya kazi, na ingawa nimestaafu, majirani zangu wa Chumbageni bado wananiletea karatasi za vipimo niwasomee. Zamani zilikuwa karatasi za hospitali: damu, mkojo, choo, sukari. Siku hizi naletewa karatasi za rangi, kurasa nyingi, zilizotoka kwenye semina za wauza virutubisho vya makopo, wale wanaolipwa pia kwa kuingiza wauzaji wengine. Nazo zote, awe mtu mzima wa afya au mgonjwa, zinasema mwili umechoka, ini limejaa sumu, kalsiamu imepungua, mishipa imeanza kuziba. Ukurasa wa mwisho una majina ya makopo ya kununua.

Nilikwenda kuiona mashine yenyewe katika ukumbi mmoja Ngamiani, maana jirani alinialika na sipendi kusemea kitu nisichokiona. Ni kisanduku kidogo kilichounganishwa na kompyuta, pamoja na kijiti cha chuma cha kushika mkononi. Kabla hujakishika, kijana anakuuliza umri, jinsia, urefu na uzito, anaviandika. Unashika kwa muda mfupi, karatasi inatoka. Mzee anaambiwa tezi dume na magoti. Mama wa makamo anaambiwa kizazi na mifupa. Mnene anaambiwa mafuta kwenye damu. Mtu yeyote aliyepewa umri wako na uzito wako angeweza kukuagulia hayo bila chuma chochote.

Mafuta ya damu hayapimwi kwa kushika kijiti. Damu inatolewa mshipani, inaachwa igande, inazungushwa kwenye sentrifuji mpaka majimaji yake yajitenge, kisha yanapimwa kwa vitendanishi, yaani kemikali za maabara. Na kabla ya kugusa sampuli ya mgonjwa, mashine inajaribiwa kwa sampuli ambayo jibu lake linajulikana. Likitoka kombo, kazi inasimama mpaka sababu ijulikane. Kuna asubuhi wagonjwa walitununia kwenye benchi kwa ajili hiyo, na hatukutoa majibu, kwa sababu jibu la uongo ni baya kuliko kukosa jibu. Nilimuuliza kijana wa ukumbini anaihakiki vipi mashine yake. Akanijibu kwa adabu, “Bibi, hii imetoka nje.” Sikuwa na hasira naye. Ni kijana aliyemaliza shule, amevaa tai, anatafuta riziki. Hasira yangu iko kwa waliompa kile kijiti.

Sasa chukueni kopo lenyewe mlisome. Mengi yameandikwa Kiingereza, na yale yanayofuata sheria ya virutubisho ya Marekani ya mwaka 1994 yana tamko la herufi ndogo nyuma: kwamba maelezo yaliyopo hayajapitiwa na mamlaka ya chakula na dawa ya huko, na kwamba bidhaa hii haikusudiwi kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Sheria ile iliziruhusu kampuni kuingiza virutubisho sokoni bila kuithibitishia serikali kwanza kwamba vinafanya kazi; wakidai vinasaidia mwili kwa namna fulani, sharti waweke tamko hilo. Kwa hiyo kampuni imeshajikinga. Anayesema kwa Kiswahili kwamba kopo linaponya kisukari, presha na uvimbe wa kizazi ni mama wa mtaani, asiye na wakili, na pengine zile herufi hajasomewa na mtu. Siku mambo yakiharibika, kampuni itaonyesha kopo, na mama yule atabaki na maneno yake.

Wengi huniuliza, kwani ndani mna nini? Mara nyingi ni vitu vya kawaida. Mlonge tunao kwenye nyua zetu. Shubiri tunayo. Spirulina ni kijani cha majini kinachovunwa na kukaushwa. Watu wa Ziwa Chad wanakila tangu zamani. Wanasifia kwamba zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na ni kweli, lakini hesabuni dozi: vidonge vinne vya nusu gramu ni gramu mbili, protini yake ni gramu moja na kitu. Yai moja lina kama gramu sita. Vitamini C anayohitaji mtu mzima kwa siku ni miligramu 75 hadi 90, na chungwa moja la Muheza la wastani linakupa karibu zote. Ukizidisha, sehemu kubwa ya ziada inatoka kwenye mkojo. Glasi ya maziwa ina kalsiamu kiasi cha miligramu 300.

Basi kopo la namna hiyo likiuzwa shilingi 120,000, kama lile nililoonyeshwa, hela hiyo inalipia nini? Inamlipa aliyekuuzia, na aliyemwingiza yeye, na aliyemwingiza huyo, kwenda juu mpaka kwa watu ambao hutawaona. Hapa ndipo ninapoomba nieleweke, kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Bei ile ndiyo inayozaa uongo. Hakuna mtu wa Mikanjuni atakayetoa laki na ishirini kwa unga wa mlonge akijua ni mlonge tu. Atazitoa akiambiwa unga huo utamwokoa mumewe asikatwe mguu. Muuzaji anaweza kuanza akiwa mkweli kabisa, lakini kila mwezi ana pointi za mauzo za kutimiza, na ukweli haumfikishi. Hata tukimwondoa muuzaji mmoja mwongo, bei itamtengeneza mwingine.

Haikuanzia Tanga. Huko California, Carl Rehnborg alikuwa akiuza virutubisho vyake, Nutrilite, tangu miaka ya 1930. Mwaka 1945 Lee Mytinger na William Casselberry walianza kuviuza kwa mpango mpya: muuzaji anaingiza wauzaji wengine na kupata fungu katika mauzo yao. Haikupita miaka mingi serikali ya Marekani ikakamata shehena zao kwa sababu ya kijitabu kilichokuwa kikitembezwa na wauzaji, kilichohusisha vidonge hivyo na nafuu ya orodha ndefu ya maradhi. Kesi ilifika Mahakama ya Juu mwaka 1950, na mwaka 1951 amri ya mahakama ikawazuia kutoa madai ya uponyaji. Wawili kati ya wauzaji wa Nutrilite, Jay Van Andel na Rich DeVos, ndio walioanzisha mwaka 1959 Amway, kampuni inayouza kwa mnyororo huohuo. Kwa hiyo ule mnyororo na yale madai ya kuponya vilizaliwa pamoja, na kila nikisikia ushuhuda ukumbini nakumbuka hilo.

Kuhusu utajiri wanaoahidi, pale ukumbini walichora ubaoni: wewe juu, chini yako watu sita, na kila mmoja wao ana sita wake. Nilikaa na peni nikaendeleza pale walipoachia. Sita, 36, 216, 1,296, 7,776, 46,656. Ngazi ya saba ni watu 279,936. Jiji letu la Tanga kwa sensa ya 2022 halikufika watu laki nne, na humo wamo watoto wa kunyonya na wazee wa kulala kitandani. Ngazi ya nane inadai watu 1,679,616. Ngazi ya kumi inadai watu milioni 60, na sisi Watanzania wote tulihesabiwa milioni 61 na ushei. Walio ngazi za chini ndio wengi kila siku, na hawana wa kumwingiza.

Marekani kwenyewe, Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliituhumu Herbalife, kampuni ya virutubisho ya namna hii, kwamba malipo yake yanategemea kuingiza watu kuliko kuuza kwa walaji, na mwaka 2016 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 200. Hundi zilitumwa kwa watu karibu 350,000. Hao hawakuwa wagonjwa walionunua dawa. Walikuwa wauzaji waliopoteza fedha. Na mwaka 2024 watumishi wa tume hiyo walisoma taarifa za mapato za kampuni 70 za aina hii, wakakuta kwamba walio wengi hupata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, kabla ya kutoa gharama zao.

Jirani yangu mmoja wa Makorora hakuhitaji taarifa hiyo. Alikuwa na biashara yake ya bajia na mihogo ya jioni, haikuwa kubwa lakini ilisomesha. Aliyemwingiza ni wifi yake. Sisi Waswahili, wifi akija na kopo mkononi, mbele ya watu, kwenye shughuli ya nyumbani, hukatai. Alikopa kwenye kikoba akanunua kifurushi cha kujiunga, na kila mwezi ikabidi anunue tena ili asitolewe kwenye bonasi. Wateja walikuwa mama zake wadogo, mashemeji, na walimu wa madrasa ya wanawe. Walionunua walinunua mara moja, kwa haya. Makopo yakabaki chini ya kitanda, tarehe zinapita. Mtaji wa bajia uliishia humo. Deni la kikoba amelilipa kwa kuuza cherehani, na yeye na wifi yake hawapikiani tena. Mtu akitapeliwa na mgeni anaweza kwenda polisi. Huyu aende wapi akamshtaki wifi, ambaye naye ana makopo chini ya kitanda chake?

Tuliiona DECI, upatu wa fedha wa “kupanda mbegu na kuvuna”, serikali ikaifunga mwaka 2009. Kanuni ya Adhabu inakataza upatu wa piramidi. Lakini DECI haikuwa na kopo. Penye kopo, hata viongozi wetu wa mtaa wanaona ni biashara kama ya sabuni, na wanakaribishwa meza kuu.

Nije kwenye lile linaloninyima usingizi. Kuna mzee, mvuvi wa zamani wa Deep Sea hapa Tanga, nilikuwa nikimpima sukari tangu nikiwa kazini. Alikuwa anameza metformin, vidonge vya kisukari, sukari yake inashikika. Dawa hiyo kwa mwezi haifikii nauli ya basi la Dar. Wakaja kumwambia aache “madawa ya kizungu” kwa kuwa yanajaza sumu, ameze makopo matatu tofauti. Wanawe wakachanga. Baada ya muda akaanza kiu, kukojoa usiku kucha, na kidonda kwenye kidole cha mguu. Alipouliza, akaambiwa hiyo ni dalili nzuri, sumu inatoka. Kauli hiyo naichukia kuliko zote. Ukipata nafuu, ni kopo. Ukizidiwa, ni kopo linafanya kazi. Mgonjwa hana dalili hata moja itakayomwambia akimbilie hospitali. Nilipoitwa, kipimo cha kidoleni kilisoma sukari 24, ambayo ni juu mno. Alilazwa, akakatwa vidole viwili. Yuko hai, amerudia dawa zake, na wanawe bado wana deni la yale makopo.

Wanasema ni vya asili, havina madhara. Huko Finland walichukua wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, wengine wakapewa beta-karotini, kirutubisho ambacho wengi walitumaini kingewakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalitolewa mwaka 1994: waliopewa walipata saratani hiyo zaidi ya wasiopewa, kwa asilimia 18. Vitamini A ikizidi kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kirutubisho kinachoweza kufanya jambo mwilini kinaweza pia kulifanya vibaya.

Sisemi virutubisho vyote ni batili. Vidonge vya madini ya chuma na foliki kwa wajawazito vina kazi, nimeona damu ya akina mama ikipanda. Matone ya vitamini A kwa watoto wa chini ya miaka mitano yana kazi. Chumvi yenye madini joto imetupunguzia tezi la shingo. Vyote hivyo vilipimwa kwanza, na muuguzi wa kliniki anapokupa hakuombi umletee ndugu sita.

Ninaloomba ni hili. Mashine inayodai kutambua ugonjwa ni kifaa tiba, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ndio wenye madaraka juu yake; waende kumbini wakakitazame kile kijiti, si kusubiri kipitie ofisini kwao. Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya linadai usajili kwa kila mtu wa maabara. Nilisajiliwa mimi, basi anayetoa majibu ya ini na figo ukumbini aulizwe wake. TBS, shirika la viwango, waangalie makopo. Wenyeviti wa mitaa wakiombwa kibali cha semina, waulize kama kuna kupima watu.

Na wewe Mhariri, mtume mwandishi wako siku ya semina, mlangoni wanakaribisha kila mtu. Aende na mtu anayejua Kiingereza vizuri. Wakati wa ushuhuda ukifika, asimame aombe kopo, asome yale maandishi ya nyuma kwa sauti, kwa Kiswahili, waliokaa wote wasikie, halafu aandike gazetini walichojibiwa.

Mstaafu wa maabara,
Chumbageni, Tanga