Oksijeni ya saa nne asubuhi si ya alfajiri

Ndugu Mhariri,

Taarifa nyingi za ubora wa maji ya pwani na ya midomo ya mito huishia kwenye sentensi moja: oksijeni iliyoyeyuka ni miligramu 6 kwa lita, maji ni salama. Sisi tunaofanya kazi hii tungependa msomaji aulize kwanza yalipimwa saa ngapi, kwenye kina gani, maji yakijaa au yakipwa, na yakiwa na chumvi kiasi gani.

Mwani hutoa oksijeni mchana, kisha usiku kucha nao huivuta pamoja na viumbe wengine. Kiwango hufika chini kabisa karibu na macheo na kupanda hadi alasiri. Anayefika gatini saa nne, akapima na kuondoka, ameshazikosa saa ambazo samaki walikuwa wakitweta. Chini ya miligramu 2 samaki wengi hukimbia, na wasioweza kukimbia hufa. Hata oksijeni ikifika alasiri asilimia 120 ya kile ambacho maji hubeba yakishiba, si habari njema: mara nyingi ni ishara kwamba virutubishi vimezidi na mwani umeshamiri.

Maji ya mto ni mepesi kuliko ya bahari, hivyo huelea juu yake, na mpaka kati ya tabaka hizo mbili huzuia oksijeni kushuka. Mabaki yanaozea chini na kumaliza oksijeni, huku ndoo ikichota juu. Shusha kihisi cha oksijeni kila nusu mita, subiri namba itulie, na usimame kidogo juu ya tope. Ukilitibua, unapima tope.

Kosa la chumvi ndilo linalotuudhi zaidi, kwa kuwa halionekani. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, maji yasiyo na chumvi hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni yakishiba. Yenye chumvi ya 35 (gramu 35 kwa kila kilo ya maji), kiwango cha bahari, hubeba kama 6.7 tu. Kihisi kilichoachwa kwenye mpangilio wa maji ya mto kikitumbukizwa baharini, oksijeni 5 itasomeka 6. Zile 6 salama za taarifa huenda zilipatikana hivyo.

Kuhusu bakteria, chupa iwe tasa, izamishwe sentimita 30 hivi, mdomo ukielekea mkondo, na ibakizwe nafasi ya kutikisia. Iwekwe kwenye kasha la barafu gizani, ifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, isivuke 24. Jua huua bakteria: sampuli iliyosahaulika juani hujisafisha yenyewe! Katika maji ya chumvi hesabu enterokoki, bakteria wa kinyesi, maana E. koli, bakteria mwingine wa kinyesi, hufa mapema zaidi. Wala sampuli moja haitoshi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2006 hutoa daraja la juu kwa fukwe zenye enterokoki zisizozidi 100 kwa mililita 100, lakini kwa kukadiria kiwango ambacho asilimia 95 ya matokeo hayakizidi, kwa kawaida kutoka sampuli zisizopungua 16 za misimu minne ya kuogelea. Tena mvua kubwa ikinyesha, ndipo mitaro inapomwaga kila kitu, na ndipo safari ya kupima inapoahirishwa.

Chupa za kupimia fosfati, mojawapo ya virutubishi vya mwani, zisioshwe kwa sabuni, kwani baadhi ya sabuni zina fosfati. Tumia asidi hafifu ya haidrokloriki. Maji yachujwe papo hapo, la sivyo vijidudu vitakula virutubishi njiani. Metali nzito zitafutwe kwenye tope, na ilinganishwe sehemu laini tu, chini ya maikromita 63. Bila hivyo kituo chenye mchanga kitaonekana kisafi siku zote.

Vihisi vinavyoachwa majini huota ute na mwani kwa wiki chache, na namba huteleza polepole hadi mtu akadhani maji yameharibika. Soma kabla ya kusafisha, safisha, soma tena palepale. Tofauti ni ya uchafu wa kihisi.

Tunaomba kila namba inayochapishwa iambatane na saa, kina, joto, chumvi, na kama maji yalikuwa yakijaa au yakipwa, wakati wa bamvua au wa maji mafu. Siku ambayo mashua ya kupimia haikutoka nayo iandikwe, pamoja na sababu.

Wapimaji wa maji ya pwani