Tiba mtandao: tusisubiri utajiri ndipo tutafiti

Mhariri,

Tiba mtandao, yaani daktari kumhudumia mgonjwa aliye mbali kwa simu au video, inasifiwa sana siku hizi, ila ushahidi mwingi tunaoutegemea umetoka Marekani na Ulaya. Penye fedha na intaneti ya uhakika ndipo panapoandikwa zaidi, hilo halishangazi. Hata hivyo India, ambayo si tajiri kwa kipato cha kila mtu, ilianza mwaka 2001 kuunganisha hospitali za mbali kwa setilaiti za shirika lake la anga.

Sisi Tanzania tuna Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Afya Ifakara, na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) tangu 1986. Wataalamu si tatizo. Lakini nani amepima mgonjwa wa kisiwa cha Mafia akionwa kwa video anaokoa kiasi gani cha nauli ya boti, au nani analipia bando? Halafu baadhi ya majarida ya nje hutoza zaidi ya dola 2,000 kuchapisha makala moja (mshahara wa miezi kwa wengi wetu!).

Umoja wa Afrika ulikubaliana kila nchi itenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Wabunge watuambie lini tutafika.

Msomaji,
Tandika, Dar es Salaam