Kabla hujapanda basi kuja Dodoma

Ipagala, Dodoma

Shoga yangu wa Kibaigwa,

Salamu nyingi. Huku wazima, ila watoto wana mafua, baridi ya Julai si mchezo. Umeniuliza kama uje uchukue ile nafasi ya usafi huku Mtumba, kwenye ofisi za Mji wa Serikali. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu vocha hukata kabla hatujafika kwenye lenyewe.

Kazi utaiweza. Mtu aliyepepeta mahindi soko la Kibaigwa hatishwi na vumbi. Ila la huku lina ufundi wake. Tangu Mei mpaka Novemba mvua hakuna, upepo unapiga kutwa, na Mtumba kwenyewe ni uwanda, ujenzi bado unaendelea. Ukifagia na fagio kavu vumbi linapanda juu, linakusubiri umalize, halafu linashuka tena mezani. Kwa hiyo meza kwanza, kwa kitambaa chenye unyevu, na deki mwisho. Anza ghorofa ya juu ushuke. Maji ya ndoo yakigeuka mekundu mwaga, hata kama bomba liko mbali. Ukiendelea nayo unapaka tope, na malumalu zikikauka michirizi inaonekana toka mlangoni.

Tena maji ya Dodoma yana chumvi. Mabomba na masinki yanashika utando mweupe, na msimamizi ataukuta tu. Wengi hukimbilia dawa yenye klorini, wanasugua mpaka mkono unakufa ganzi. Klorini haiuondoi utando ule. Unayeyushwa na kitu kichachu. Loweka kitambaa kwenye siki, zungushia bomba, kaendelee na kazi nyingine, ukirudi unafuta. Vyooni wanatupa dawa yenye asidi, na hapo nisikilize kama mdogo wangu: usiichanganye kamwe na ile ya klorini. Wapo wanaozimimina pamoja wakidhani nguvu inaongezeka. Inatoka gesi inayochoma macho na kifua, na vyoo vingine havina hata dirisha. Ukisikia harufu imebadilika, acha ndoo, toka.

Watu nao utawazoea. Wapo wanaokuamkia vizuri na kusubiri deki ikauke. Wapo wanaopita juu yake wakiongea na simu, na mmoja huku kwetu huinua miguu nifagie chini yake bila kunitazama, kama nimezaliwa na fagio. Hilo halinisumbui tena. Linalonisumbua ni hili linalofuata.

Hutaajiriwa na ofisi utakayoisafisha. Mwajiri wako ni kampuni iliyoshinda zabuni ya usafi. Muda wake ukiisha inakuja nyingine. Mara nyingi inatuchukua sisi sisi kwa sababu korido tunazijua, lakini unaanza upya kama umefika jana. Ile ya kwanza iliyonichukua iliondoka bila kutulipa mwezi wa mwisho. Tuliwapigia simu mpaka wakaacha kupokea, wengine tukasamehe kwa kuchoka.

Kwa hiyo usishike ndoo kabla hujashika mkataba wa maandishi, na nakala ubaki nayo. Usome. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka, yenye malipo, na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni ovataimu. Glavu na buti ni juu yao. Mchango wa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe usikatwe zaidi ya 10, inayobaki ni ya mwajiri. Usiridhike kuona makato kwenye karatasi ya mshahara. Nenda ofisi ya NSSF na namba yako ya uanachama, uulize kama michango imefika. Mwenzetu mmoja alikwenda akakuta miezi mitupu, na makato alikuwa anakatwa.

Wakikuambia, "Mkataba utakuja baadaye, we anza tu kazi," rudi kwenye mahindi yako. Nakuambia kweli, bora hivyo.

Nauli piga hesabu mapema. Tunatakiwa tuwe ndani kabla maofisa hawajaingia, kwa hiyo daladala ni la alfajiri, na nauli inatoka mfukoni mwako. Chumba utalala kwangu mpaka upate chako. Usipange kutafuta Aprili mpaka Juni, Bunge la bajeti likiwa linaendelea, mji unajaa.

Ukija, basi litapita Mtumba kabla ya kufika mjini, utayaona majengo. Usishuke hapo, njoo mpaka stendi ya Nanenane, nitakupokea. Beba kitambulisho cha NIDA na cheti cha darasa la saba. Unga wa uwele pia, huku unauzwa bei ya dhahabu.

Msimamizi anataka jina kabla ya mwisho wa mwezi. Nijibu basi, hata kwa ujumbe mfupi. Mama msalimie sana, mwambie mguu aendelee kuukanda.

Shoga yako,
Mama Wawili